Oili Haidondoki Pale Inapovujia

Doa la kwanza la oili ya gari letu nililiona mwezi wa Machi mwaka 2019 kwenye sakafu ya saruji ya ua wetu wa Walukuba, mjini Jinja. Lilikuwa dogo kama sarafu ya shilingi mia tano, jeusi, na nilipoligusa kwa kidole niliona linateleza na lina harufu ya kitu kilichoungua. Kwa wiki mbili nililifunika kwa mchanga na kujiambia kwamba gari la umri ule halikosi kutoa jasho. Kisha Jumapili moja, nikirudi kutoka Kampala pamoja na mke wangu, tulikuwa tukipanda kilima katika msitu wa Mabira nyuma ya lori la miwa, na harufu ya oili inayoungua ikaingia ndani ya gari kwa nguvu hata mke wangu akafungua dirisha na kuniuliza kama tunawaka moto. Nilisimama kando ya barabara, nikafungua boneti, nikaona moshi mwembamba ukipanda kutoka kwenye manifoldi ya ekzosi, bomba linalokusanya moshi wa silinda. Nilipochomoa kijiti cha kupimia, oili ilikuwa chini ya alama ya L, yaani kiwango cha chini.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla AE100 ya mwaka 1994, aina ambayo hapa Uganda watu wanaijua zaidi kwa jina la Kikumi, yaani mia moja, kutokana na tarakimu za modeli yake. Injini yake ni 5A-FE ya sentimita za ujazo 1,498, yenye silinda 4 na vali 16, na inabeba takriban lita 3 za oili. Nililinunua kutoka kwa mwalimu mwenzangu aliyekuwa akihamia Mbale, na kwa mshahara wa mwalimu sikuwa na mpango wa kununua jingine. Zaidi ya hapo, tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza nchini magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, kwa hiyo Kikumi zilizopo barabarani ndizo hizo tulizo nazo, na anayetaka yake iendelee kutembea hana budi kuitunza.

Nililipeleka gereji. Fundi wa kwanza alilala chini ya gari kwa dakika chache, akaona sampu, beseni la oili lililo chini ya injini, imelowa pande zote, akasema gasketi ya sampu, ule ufito unaoziba maungio, imekwisha. Aliishusha, akapaka silikoni nyingi, akairudisha, nami nikalipa shilingi 80,000. Siku ya tatu, kipande cha katoni nilichokuwa nimekilaza chini ya injini kililowa kama zamani. Fundi wa gereji ya pili alielekeza tochi kwenye tundu dogo lililo chini kabisa, pale injini inapokutana na gia boksi, akanionyesha tone likining'inia. Aliniambia kwamba hiyo ni sili ya nyuma ya kranki, mpira unaozuia oili pale mhimili mkuu wa injini unapotokea nje, kwamba gia boksi lazima ishushwe, kazi ya siku mbili, shilingi 250,000 bila kuhesabu sili yenyewe. Mafundi hao wote wawili walikuwa wameiona oili kwa macho yao pale waliposema ipo. Kosa lao, ambalo hata mimi nilikuwa nalo wakati huo, lilikuwa kuamini kwamba oili imetokea mahali inapoonekana.

Mtaa wetu wa Walukuba ulijengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi, na kwa kuwa waliokuja kukaa humo walitoka kila upande, Kiswahili kikawa lugha ya uani na ya kisimani. Nyumba ya tatu kutoka kwetu anaishi mzee aliyefanya kazi miaka mingi katika karakana ya malori ya kiwanda. Nilimwendea jioni nikiwa na karatasi ya bei niliyoandikiwa gereji, nikamwamkia, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuitazama ile karatasi.

"Mwalimu, hiyo injini umeiosha?"

"Bado, mzee."

"Basi hujaitazama. Kaioshe, uiache ikauke, halafu uje uniambie umeona nini."

Niliianza kazi hiyo Jumamosi asubuhi, injini ikiwa baridi. Nilifungua waya wa hasi wa betri, nikafunika distributa (inayogawa umeme kwa plagi), altaneta (inayochaji betri) na mdomo wa kuingizia hewa kwa kaveera, mifuko ya plastiki, nilizozikaza kwa vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli. Kisha nikapaka mafuta ya taa kwa brashi ya rangi kuanzia juu kuelekea chini, nikangoja robo saa yalegeze uchafu, nikasugua kwa brashi ngumu, na kwenye kona nikatumia mswaki wa zamani. Mwishoni niliosha kwa maji ya sabuni ya unga, kwa ndoo na kitambaa. Sikutumia mashine ya presha, ingawa kijana wa kuosha magari karibu na soko alikuwa tayari kunisaidia, kwa sababu maji yenye nguvu huingia kwenye viunganishi vya umeme na kukuletea ugonjwa mwingine ambao hukuwa nao. Tope lililotoka lilikuwa udongo mwekundu uliokandwa na oili ya miaka mingi, mahali pengine nene kama kidole, na nilipolimaliza niliona kwa mara ya kwanza rangi halisi ya aluminiamu ya injini niliyokuwa nikiiendesha muda wote huo. Kwa kuwa mafuta ya taa hushika moto, niliacha boneti wazi juani hadi alasiri kabla ya kurudisha waya wa betri.

Baada ya kukauka nilipulizia poda ya watoto juu ya injini yote, hasa kwenye maungio, mpaka ikawa nyeupe. Niliendesha hadi Bugembe na kurudi, safari fupi isiyozidi dakika 20, nikazima injini, nikaiacha ipoe kidogo, nikachukua tochi na kioo kidogo cha mke wangu. Poda hufanya kazi rahisi sana: pale oili inapopita hugeuka rangi ya kahawia, na kinachobaki ni kuufuata mchirizi huo kwenda juu, si kwenda chini, hadi ufike mahali ambapo juu yake ni pakavu. Hapo ndipo penye tatizo.

Niliona michirizi miwili na unyevu mmoja. Mchirizi wa kwanza ulianzia kwenye ukingo wa kifuniko cha tapeti, kile cha juu kabisa cha injini, upande wa mbele, ukateremka moja kwa moja juu ya manifoldi ya ekzosi, ambayo kwenye injini hii inaelekea rejeta. Hiyo ndiyo harufu ya Mabira. Mchirizi wa pili ulianzia chini ya distributa, pale inapoingia kwenye kichwa cha injini, ukashuka hadi juu ya gia boksi, ukajipenyeza kwenye maungio ya gia boksi na injini, na kutokea kwenye lile tundu la chini. Lilikuwa tone lile lile nililoonyeshwa nikaambiwa ni sili ya kranki. Unyevu ulikuwa upande wa mikanda, nyuma ya puli ya kranki, kidogo tu. Sampu iliyonigharimu shilingi 80,000 ilibaki nyeupe kwa poda tangu ukingo hadi ukingo.

Nilikaa kwenye kigoda kando ya gari nikiutazama ule mchirizi wa pili kwa muda mrefu. Nilikuwa nimebakiza siku mbili tu nikope fedha kwenye chama cha akiba cha walimu ili gia boksi ishushwe, na gari lingerudi nyumbani likidondosha oili ile ile.

Sababu ya kudanganyika kwetu ni nyepesi kuieleza. Oili huteremka kwa uzito wake, lakini haishuki wima. Hufuata mbavu za chuma, vichwa vya bolti na maungio, na gari likiwa kwenye mwendo, feni ya rejeta pamoja na upepo wa barabarani huisukuma nyuma na kuitandaza. Injini ikishavuja kwa mwezi mmoja bila kuoshwa, sehemu yote ya chini hulowa, na mtu akiingia chini na tochi anaweza kulaumu chochote atakachokiona kwanza. Ni vyema pia kuhakikisha kwamba kinachodondoka ni oili ya injini. Kwenye magari mengi maji ya breki ni mepesi na huonekana karibu na gurudumu au pale pedali ilipo, oili ya gia boksi ya otomatiki na ya usukani kwa kawaida ni nyekundu, oili ya gia za mkono hunuka kama kiberiti, na maji safi yanayodondoka upande wa abiria baada ya kutumia kiyoyozi hayana ubaya wowote. Yangu ilikuwa oili ya injini, na ekzosi haikutoa moshi wa samawati asubuhi, kwa hiyo nilijua kwamba inapotea kwa kuvuja na si kwa kuungua ndani ya silinda.

Gasketi niliifuata Kampala, katika soko la Kisekka, kwa kuwa Jinja nilizopata zilikuwa za bei ya chini na ngumu mkononi. Nilikwenda na vipimo vya injini nilivyovinakili kwenye kibati kilicho chini ya boneti, na muuzaji nilimwambia 5A-FE, sikumwambia Corolla tu, kwa sababu Corolla za miaka ile zina injini zaidi ya moja. Gasketi nzuri ya mpira hukunjika bila kuonyesha nyufa nyeupe na hurudi katika umbo lake. Nilinunua seti yenye mipira ya matundu ya plagi pamoja na washa za nati.

Kazi ya kifuniko cha tapeti haihitaji kuingia chini ya gari, na nadhani hii ndiyo kazi bora ya kuanza nayo kwa mtu ambaye hajawahi kufungua injini. Nilifungia waya za plagi vipande vya utepe vyenye namba, kwa kuwa zikichanganyika injini itatetemeka au haitawaka kabisa. Nilipozivuta, ncha ya waya wa silinda ya 3 ilitoka ikiwa imelowa oili, dalili kwamba mpira wa tundu la plagi nao ulikuwa umechoka. Nilifungua nati, nikagonga kifuniko kwa kiganja hadi kikaachia, nikakinyanyua. Gasketi ya zamani ilivunjika vipande vipande kama plastiki. Mpira unaopikwa kwa joto la injini kwa miaka mingi hupoteza ulaini, na ukishakuwa mgumu hauwezi kujaza nafasi kati ya vyuma viwili vinavyotanuka na kunywea kila siku.

Mara ya kwanza nilifanya makosa mawili. Nilisafisha vizuri, nikatandika gasketi mpya, lakini sikuweka silikoni kwenye zile kona ambapo vishikizo vya kamshafti, mhimili unaofungua vali, vinakutana na kichwa cha injini, mahali ambapo kuna ngazi ndogo ambayo mpira peke yake hauwezi kuijaza. Kisha nikakaza nati kwa racheti ndefu, kwa nguvu zangu zote, nikiamini kwamba kadiri ninavyokaza ndivyo oili itakavyozuilika. Baada ya wiki mbili harufu ilirudi. Nilipofungua tena nilikuta gasketi mpya imeminywa hadi ikatoka nje ya mfereji wake upande mmoja, na ilikuwa imeanza kukatika. Kipimo cha kukaza nati hizi ni takriban nyutoni-mita 6, ambayo ni nguvu ndogo sana, nguvu ya vidole na si ya mkono. Toki renchi niliyoazima haikuweza kupima chini kiasi hicho, hivyo mzee alinifundisha kuishika racheti fupi kichwani pake, si kwenye mpini, na kuzungusha kwa vidole viwili, nati moja baada ya nyingine, kidogo kidogo, nikirudia mzunguko hadi zote ziwe sawa. Nilinunua gasketi ya pili. Safari hii nilisafisha mfereji kwa kijiti cha mti badala ya bisibisi, kwa sababu aluminiamu huchubuka na kila mchubuko ni njia ya oili, nikafuta uso wa chuma kwa kitambaa chenye petroli kidogo, nikaweka silikoni kwenye kona tu, tone la ukubwa wa punje ya mahindi, na kuiacha gari usiku kucha kabla ya kuwasha.

Kuhusu silikoni nina msimamo mkali. Nimeona injini zilizopakwa silikoni kila mahali kama keki, na watu wanaona kwamba fundi amefanya kazi ya uhakika. Ile inayofurika nje haina madhara, ila inayofurika ndani kiasi kile kile haionekani. Siku moja hukatika, huogelea ndani ya oili, na inaweza kunaswa kwenye chujio lililo ndani ya sampu, pale pampu inapovutia. Injini iliyokuwa ikivuja tone kwa tone inaweza kuishia kukosa oili kwenye kamshafti, na hasara ya namna hiyo hailinganishwi na doa lolote la sakafuni.

Kabla sijafunga mara ya pili, mzee aliniuliza kama nimeitazama vali ya PCV. Sikuijua. Pistoni hazizibi kabisa. Sehemu ndogo ya gesi ya mwako hupita kando ya ringi na kushuka hadi kwenye chumba cha kranki, na vali hiyo ndogo, iliyochomekwa kwenye kifuniko cha tapeti, huipitisha gesi kurudi kwenye manifoldi ya kuingiza hewa ili ikachomwe. Ikiziba kwa masizi, presha hupanda ndani ya injini na kutafuta pa kutokea, nayo hupata gasketi na sili. Niliichomoa nikaitikisa karibu na sikio. Vali nzima hutoa mlio wa kitu kinachogonga ndani. Yangu ilikuwa kimya. "Umefunga mlango, mwalimu," alisema, "lakini ndani yupo mtu anausukuma." Vali mpya ilikuwa ya bei ndogo kuliko gasketi. Nilipoiweka na kuwasha injini, niliziba mdomo wake kwa kidole na kuhisi mvuto, kisha nikairudisha mahali pake. Tangu siku hiyo, mtu yeyote anayeniomba ushauri kuhusu gari linalovuja sehemu nyingi kwa pamoja, swali langu la kwanza ni hilo la PCV.

Distributa ndiyo iliyonitia hofu zaidi, nayo ndiyo iliyochukua muda mfupi zaidi. Kinachozuia oili isitoke pale ni oringi moja, duara la mpira lililovikwa kwenye shingo ya distributa, na kukibadilisha inabidi distributa yote ichomolewe. Hatari yake ni kwamba matundu ya bolti zake ni marefu, ili iweze kuzungushwa kurekebisha muda wa cheche, na ikirudishwa ikiwa imegeuka kidogo tu, injini itapoteza nguvu au kugonga inapopanda mlima. Nilichora mstari mmoja kwa rangi nyeupe ya kucha kutoka kwenye mwili wa distributa hadi kwenye kichwa cha injini, nikapiga picha kwa simu pande tatu, nikamwambia kila mtu nyumbani asiguse ufunguo wa gari, kwani kranki haipaswi kuzunguka distributa ikiwa nje. Nilifungua bolti, nikaivuta nje huku nikiipepesa kulia na kushoto, na oringi ikaonekana: bapa kabisa, ngumu, na upande mmoja imepasuka.

Niliweka oringi mpya niliyoipaka oili safi, nikairudisha distributa hadi meno yake yakakaa kwenye nafasi yake, nikalinganisha ule mstari, nikakaza. Bei ya oringi ilikuwa shilingi 5,000. Onyo moja ninalitoa kwa moyo wote: usichukue oringi ya bomba la maji kwa sababu tu inalingana kwa ukubwa. Baadhi yake zimetengenezwa kwa mpira unaovimba na kulegea ukikutana na oili ya moto, na itakulazimu kurudia kazi yote. Mwambie muuzaji kwamba unataka ya injini, inayovumilia oili na joto.

Niliosha tena gari, nikapulizia poda tena, nikaenda Iganga na kurudi, karibu kilomita 80 kwa jumla. Maungio ya gia boksi yalibaki makavu. Mke wangu alikitoa kile kipande cha katoni asubuhi yake, akakigeuza pande zote mbili, akaniita nje kukiona.

Mwezi uliofuata nilijiamini na kubadilisha oili pamoja na filta mimi mwenyewe, na hapo nilikaribia kuiua injini. Nilifungua filta ya zamani, nikafunga mpya, nikawasha. Baada ya sekunde chache binti yangu, aliyekuwa amesimama mbele ya gari, alipiga kelele kwamba mafuta yanamwagika. Nilizima mara moja, na tayari palikuwa na dimbwi chini. Mpira wa filta ya zamani ulikuwa umeganda kwenye injini, na mpya ukakaa juu yake, mpira juu ya mpira, ambao hauwezi kuhimili presha ya pampu. Kama ingetokea barabarani usiku, ningeendelea kuendesha hadi taa nyekundu ya oili iwake, na pengine ingekuwa nimechelewa. Tangu hapo kila ninapofungua filta hutazama kwanza kama mpira umetoka nayo, hufuta uso kwa kitambaa safi, hupaka mpira mpya oili, hufunga kwa mkono hadi uguse, kisha huongeza robo tatu ya mzunguko, bila kutumia spana. Baada ya kuwasha humwomba mtu atazame chini kwa dakika moja nzima kabla ya kulisogeza gari.

Kuhusu kuingia chini ya gari, sina mjadala na mtu yeyote. Jeki ni ya kunyanyulia. Haikutengenezwa kushikilia gari wakati mtu amelala chini yake. Ua wetu una saruji upande mmoja tu, kwingine ni udongo, na baada ya mvua jeki huzama taratibu bila wewe kujua. Nilinunua stendi mbili za chuma kabla ya kununua spana nyingine yoyote. Huweka kipande cha ubao mnene chini ya jeki, huziba magurudumu ya nyuma kwa mawe, huvuta breki ya mkono, huliteremsha gari juu ya stendi, kisha hulisukuma kwa bega kabla ya kuweka hata mkono wangu chini. Matofali hayafai, kwani hupasuka ghafla bila kutoa onyo. Watoto huwa hawaruhusiwi kusogea upande huo hadi magurudumu yaguse chini.

Oili chafu huihifadhi kwenye jerikeni lenye kifuniko. Mtaro unaopita nyuma ya nyumba zetu hupeleka maji ya mvua ziwani, na hapo Masese watu wanavua samaki. Kuna fundi seremala anayeichukua kupaka miguu ya nguzo za uzio dhidi ya mchwa, na kinachobaki humpa mkusanyaji anayepita kwenye gereji.

Ule unyevu wa nyuma ya puli ya kranki bado upo. Ni sili ya mbele, na kuifikia inabidi kutoa mikanda, puli, vifuniko na mkanda wa taiming, ule unaounganisha kranki na kamshafti, kazi ambayo kwa vifaa vyangu sitaki kuifanya uani. Nimeupima kwa katoni na saa: tone moja kila dakika mbili hivi injini ikiwa imewashwa. Tone 20 hivi hufanya mililita 1, kwa hiyo napoteza chini ya mililita 2 kwa saa, na umbali kati ya alama za L na F (kiwango cha juu) kwenye kijiti ni karibu lita nzima. Uvujaji wa distributa ulipokuwa mbaya zaidi nilikuwa nikihesabu tone moja kila sekunde 10, ambayo ni tone 360 kwa saa, mililita 18, mara kumi na mbili ya huu wa sasa. Ninachokiangalia ni kimoja tu, oili isifike kwenye mkanda wa taiming, kwa kuwa huulainisha mpira wake na kuukata kabla ya wakati. Kila mwezi hufungua kifuniko cha juu cha mkanda na kupitisha kidole kwenye ukingo wake, na mpaka sasa kidole hutoka kikavu. Mkanda umebakiza kama kilomita 9,000 kabla ya kubadilishwa. Sili ya kranki na sili ya kamshafti nimekwisha zinunua, zimo kwenye kabati la jikoni ndani ya kaveera zake, na siku hiyo fundi atakapoufungua mkanda atazibadilisha zote kwa malipo yale yale ya kazi moja.